Je, wajua kwa nini muuguzi humwita daktari wakati presha ya mgonjwa bado ni nzuri?

Watu wengi huamini kwamba presha ndiyo msema kweli wa wodini: ikiwa nzuri mgonjwa yuko salama, ikishuka ndipo hatari imeanza. Kwa imani hiyo, muuguzi anayemwamsha daktari usiku wa manane kwa ajili ya mgonjwa mwenye presha ya 118 kwa 90 huonekana ana wasiwasi wa bure. Ikija kubainika kwamba alikuwa sahihi, basi husemwa kwamba amejaliwa hisia za pekee. Maelezo yote mawili yanamnyima haki yake. Muuguzi huyo anapima, analinganisha na kuamua, na anajua jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hawalijui: mtu anapovuja damu, presha huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuyumba.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita ya damu bila namba ya juu ya presha kushuka. Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Maji yakipungua kwenye tangi, mkondo hulegea. Ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji yataruka mbali kama mwanzo, na anayetazama kwa mbali hatajua kwamba tangi linaisha. Mwili nao hufanya hivyo. Mishipa midogo ya ngozi, mikono na miguu hujibana ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo, na moyo wenyewe huongeza kasi. Presha inashikilia, lakini kule kubana kunaonekana kwa anayesogea karibu: viganja vimepoa, ngozi imepauka, ukibonyeza ukucha na kuuachia rangi yake inakawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, na mgonjwa hatulii kitandani wala hajui kinachomsumbua. Mishipa inapojibana namba ya chini ya presha hupanda, kwa hiyo pengo kati ya namba mbili huwa dogo.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jioni. Kipimo cha kwanza: presha 124 kwa 78, mapigo ya moyo 80, pumzi 16 kwa dakika. Cha pili: 120 kwa 84, mapigo 96, pumzi 20. Cha tatu: 118 kwa 90, mapigo 112, pumzi 24. Anayesoma presha peke yake haoni kitu. Anayezisoma zote kwa mfuatano anaona mapigo na pumzi vinapanda pamoja, na pengo la presha limetoka 46 hadi 28. Uamuzi wa muuguzi umejengwa juu ya mwelekeo huo, ndiyo maana hukasirika, na ana haki, anapokuta faili ambalo pumzi zimeandikwa 20 kila zamu kwa kukisia. Pumzi huhesabiwa dakika nzima kwa kutazama kifua, na ni kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ingawa mara nyingi hubadilika mapema.

Uingereza ilianza mwaka 2012 kutumia alama za tahadhari ziitwazo NEWS, zikaboreshwa mwaka 2017. Kila kinachopimwa, kama mapigo au pumzi, hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 5 mgonjwa huhitaji kuonwa haraka. Kipimo cha tatu cha mgonjwa wetu kinatoa 4: mbili za mapigo, mbili za pumzi, na sifuri ya presha. Kwa jumla hiyo peke yake angeweza kusubiri.

Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 kwamba muuguzi mzoefu huiona hali nzima kwa mara moja, wakati anayeanza kazi hufuata kanuni hatua kwa hatua. Nayaamini maelezo hayo, ila ushahidi wa wasiwasi wa wauguzi una udhaifu wake: aghalabu wauguzi huulizwa baada ya mgonjwa kuzidiwa, na kumbukumbu huzipa uzito zile dalili zilizotimia. Uzoefu nao unaweza kupotoshwa. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuvuja damu huku mapigo yakibaki 80, kwa hiyo muuguzi makini husoma orodha ya dawa kabla ya kuyaamini mapigo.

Hata hivyo, mwongozo wa NEWS wenyewe unaruhusu wasiwasi wa mhudumu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa uzipite alama. Muuguzi wa mgonjwa mwenye alama 4 anaweza kupiga simu papo hapo, na cha kumwambia daktari anacho tayari: vipimo vitatu kwa mfuatano, pengo linalopungua, viganja vilivyopoa, na ombi la wazi kwamba aje amwone sasa.