Parokia za Wadominikana New York: mambo ambayo watu wengi wanayakosea

Naongelea wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, ile nchi iliyogawana kisiwa na Haiti, sio watawa wa Mtakatifu Dominiko. Ukijumlisha na watoto waliozaliwa hukohuko Marekani wameshavuka milioni 2, na mtaa wao unaojulikana zaidi ni Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan. Parokia za kule zinaongelewa juujuu sana na mimi linaniuma, kwa sababu kuna watu wametoa jasho lao pale.

Dhana kubwa kuliko zote: eti walifika wakakuta kanisa linawasubiri, wakapewa.

Sio hivyo. Walianza kuja kwa wingi baada ya dikteta Trujillo kuuawa Mei 1961, maana enzi zake kupata pasipoti ilikuwa shughuli, halafu 1965 ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe na jeshi la Marekani likatua Santo Domingo, mji mkuu, na mwaka huohuo sheria ya uhamiaji ya Marekani ikabadilishwa. Kule Heights wakakuta parokia za Waayalandi. Na Kadinali Spellman, askofu mkuu wa New York, alishaamua zamani kwamba wanaoongea Kihispania hawatajengewa parokia zao kama Waitaliano na Wajerumani walivyojengewa, watasali ndani ya parokia zilizopo, jambo ambalo ukilisikia unaona zuri kabisa lakini kwenye utekelezaji misa ya Kihispania sehemu nyingi ilisomwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, huko juu wanasali wenyeji. Walioanza kuyapitia hayo ni Wapuertoriko, watu wa kisiwa cha Puerto Rico. Pale parokia ya Incarnation, St. Nicholas Avenue na mtaa wa 175, miaka ya 1950 kulikuwa na padri msaidizi kijana anaitwa Ivan Illich (ndio, huyohuyo mwanafikra aliyekuja kuvuma baadaye) ambaye aliwasimamia sana hao Wapuertoriko, mpaka akaenda mji wa Ponce kulekule Puerto Rico kuendesha mafunzo ya kuwaandaa mapadri na watawa wa New York kwa lugha na mila za watu wao. Kwa hiyo Wadominikana walikuta mlango umeshasukumwa kidogo, wao wakaumalizia, Waayalandi wakawa wanahama, na waliobaki kufagia, kufundisha katekisimu, kuimba kwaya na kuchangia bili ya kupasha joto kanisa wakati wa baridi ni hawa wageni. Leo Incarnation ni parokia ya Wadominikana waziwazi.

Dhana nyingine ni kwamba kazi ya parokia ni misa ya Jumapili, basi. Jamani! Chukua ubatizo tu. Kwa Wadominikana ukimsimamia mtoto wa mtu wewe na mzazi wake mnakuwa compadre au comadre, yaani mmeshakuwa ndugu, na mtu aliyetua juzi hana kazi wala chumba anasaidiwa kupitia huohuo undugu. Akifa mtu kuna siku tisa za rozari nyumbani, majirani wanajaa, kahawa inapita. Kipindi cha Kwaresima wanapika habichuelas con dulce, maharage matamu yenye maziwa na viazi vitamu, na yanagawiwa nyumba kwa nyumba. Halafu tarehe 12 Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya yale ya Septemba 11, ndege ya kwenda Santo Domingo ilianguka Queens, hapohapo New York, wakafa wote 260 waliokuwemo na watu 5 waliokuwa chini, abiria wengi wakiwa Wadominikana, na familia za Heights zilikimbilia makanisani kulia pamoja na kuombea marehemu wao. Sasa hapo utasema parokia ni Jumapili tu?

Kuna wanaosema ile sherehe ya Bikira Maria wa Altagracia, msimamizi wa Jamhuri ya Dominika, tarehe 21 Januari ni kuabudu picha. Ile ni picha ndogo ya kuzaliwa Yesu, Maria anamtazama mtoto, iko mji wa Higüey kule kwao, na Papa Yohane Paulo II aliivika taji 1979. Watu wanamheshimu mama na wanaikumbuka nchi yao kwa pamoja, na mimi sioni ubaya wa hivyo viwili kukaa pamoja. Wengi pia wanajua Altagracia ndiye msimamizi pekee wa nchi, kumbe yupo na Bikira Maria wa Mercedes, wa tarehe 24 Septemba.

Eti wote ni Wakatoliki? Hapana, Wapentekoste wapo wengi, na Wakatoliki wenyewe uamsho wa karismatiki umewakolea.

Ya mwisho ni ya hatari kwa hiyo naomba isomwe vizuri: watu wanaamini asiye na makaratasi akiingia kanisani serikali haiwezi kumgusa kisheria. Sheria ya hivyo Marekani haipo. Kilichokuwepo ni mwongozo wa ndani wa maofisa wa uhamiaji kuepuka kukamata watu kwenye makanisa, shule na hospitali, na Januari 2025 mwongozo huo ulifutwa. Parokia inaweza kumuunganisha mtu na mwanasheria, inaweza kuwafundisha watu haki zao ukumbini baada ya misa, na mlangoni hakuna anayemuuliza mtu viza. Ila asije mtu akaacha kutafuta mwanasheria eti kwa sababu analala karibu na altare.