Je, wajua? Saa ya kompyuta ikipotea, leseni halali hukataliwa

Ufunguo wa leseni umenunuliwa kihalali, intaneti inapita vizuri, lakini Windows inakataa kujiamilisha (activation, yaani kuthibitisha leseni kwenye seva ya Microsoft) na kutoa msimbo 0x80072F8F. Ukigeukia masasisho, nayo yanagoma kwa msimbo huohuo. Mara nyingi mchawi ni saa: ile iliyo pembeni mwa skrini, inayotazamwa kutwa bila mtu kugundua kwamba kalenda yake iko mwaka 2015. Saa na leseni zinahusianaje?

Anayesingiziwa kwanza huwa ni ufunguo. Mtu anauandika upya, herufi na tarakimu zote 25, kisha anaanza kuamini kwamba aliuziwa feki. Ilhali kwa kosa hili ufunguo haujakaguliwa na yeyote, kwa kuwa haujatoka hata ndani ya kompyuta. Msimbo wenyewe unalisema hilo, ila kwa mafumbo. Chukua herufi nne za mwisho, 2F8F, uzigeuze kutoka namba za msingi wa kumi na sita kwenda namba za kawaida: unapata 12175. Katika sehemu ya Windows inayoshughulikia mawasiliano ya mtandao, 12175 maana yake ni kwamba ukaguzi wa usalama wa muunganisho umeshindikana. Leseni haitajwi popote.

Ufunguo ukiwa ndio wenye hitilafu, misimbo huwa mingine. 0xC004F050 husema ufunguo si sahihi. 0xC004C008 husema umeshatumika kwenye kompyuta nyingi kuliko inavyoruhusiwa. 0xC004F211 hutokea vifaa vikibadilika, hasa ubao mama (motherboard), ubao mkuu wa ndani ya kompyuta.

Anayefuata kusingiziwa ni seva: eti imeelemewa, tungoje kesho. Hapa pia hesabu ileile inasaidia. Seva isipojibu kwa wakati, msimbo huwa 0x80072EE2, yaani 12002. Jina lake lisipopatikana kwenye mtandao, ni 0x80072EE7, yaani 12007. Ukiona 2F8F, seva imepatikana na imejibu. Kompyuta yako ndiyo iliyoikataa.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ni kufuta diski na kusakinisha mfumo upya. Saa haikai kwenye diski. Inakaa kwenye ubao mama, kwa hiyo mfumo mpya unaamka, unasoma tarehe ileile mbovu, na kukwama palepale baada ya saa mbili za kazi bure.

Sasa, kwa nini kompyuta iikatae seva halali? Fikiria mlinzi wa lango anayekagua vibali. Kila kibali kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na mlinzi anazilinganisha na kalenda iliyo ukutani kwake. Kalenda ikikwama miaka kadhaa nyuma, kila mgeni atakuja na kibali ambacho, kwa hesabu za mlinzi, hakijaanza kutumika. Atawarudisha wote, na hatasema "kalenda yangu mbovu". Atasema vibali vyao ni batili. Je, asimuulize mgeni tarehe ya leo? Hawezi, kwa sababu mgeni mwenye kibali cha kughushi atamtajia tarehe inayomfaa yeye. Mlinzi hana budi kuiamini kalenda yake. Kwenye mtandao kibali hicho huitwa cheti cha usalama, na seva ya uamilishaji, ya masasisho, na karibu kila tovuti hukionyesha kabla ya mazungumzo kuanza.

Nafasi ya kukosea nayo inazidi kubana. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikuu havikubali cheti kipya cha umma kinachodumu zaidi ya siku 398. Mwaka 2025 watengenezaji wa vivinjari na watoaji wa vyeti walikubaliana kukipunguza hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, na 47 kuanzia Machi 2029. Let's Encrypt, watoaji wakubwa wa vyeti vya bure, hurudisha tarehe ya kuanza nyuma kwa saa moja makusudi, ili kuwahurumia wenye saa zinazochelewa kidogo. Huruma ya saa moja tu.

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache ukifuata mpangilio. Tazama mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha ukanda wa saa, na mwisho dakika. Ukanda ndio mtego. Mishale inaweza kuonyesha saa sahihi kabisa huku ukanda umewekwa wa bara jingine. Kompyuta hukagua vyeti kwa saa ya dunia, UTC, na hapo inakuwa imepotea kwa saa nyingi bila skrini kuonyesha dalili yoyote. Ukishaupanga, fungua Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, ubonyeze kitufe cha kusawazisha. Au fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike `w32tm /resync`. Likijibu kwamba huduma haijaanzishwa, tanguliza `net start w32time`.

Kuna kikwazo ambacho wengi hawakijui. Kompyuta ya nyumbani yenye Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa kujisahihisha kwa zaidi ya sekunde 54,000, yaani saa 15. Saa iliyorudi nyuma miaka haitajitengeneza. Iweke tarehe kwa mkono kwanza, ndipo usawazishe. Kinachofurahisha ni kwamba usawazishaji huo, kupitia itifaki ya NTP (kanuni ambazo kompyuta hutumia kuulizana saa) kwenye mlango wa UDP namba 123, kwa kawaida hauombi cheti chochote. Ungeomba, kompyuta isingeweza kupata saa sahihi bila kuwa nayo tayari. Baada ya hapo andika `slmgr /ato` kujaribu uamilishaji upya, na `slmgr /xpr` kuona hali ya leseni.

Saa ikipotea tena, tuhumu betri ya ubao mama inayoitunza saa: kidude cha mviringo, CR2032, cha volti 3. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani huilisha saa hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo betri iliyokufa hujificha mpaka umeme ukatike. Kuibadilisha, zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki, kisha sukuma kishikizo na upachike mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, tafuta ule ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 kabla hujagusa kitu, maana mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) ikirudi mwanzo unaweza kuombwa. Laputopu ni habari nyingine: baadhi betri yake ina waya, nyingine hazina betri ya pekee kabisa.

Kwenye kompyuta yenye mifumo miwili, Windows na Linux, saa ikipotea kwa idadi kamili ya saa kila unapotoka Linux, betri haina kosa. Linux kwa kawaida huandika UTC kwenye ubao mama, Windows huandika saa ya mahali ulipo. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux humaliza ugomvi, ingawa Linux yenyewe itakuonya kwamba haiupendi mpango huo.

Isidhaniwe kwamba kila 0x80072F8F ni saa. Kingavirusi inayochungulia mawasiliano hubadilisha vyeti njiani na inaweza kuleta kosa hilohilo. Mifumo ya zamani nayo hukosa vyeti mama vipya, vile vinavyothibitisha vyeti vingine: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha DST Root CA X3 kilipoisha, vifaa vingi vya zamani vilikataa tovuti nzima nzima huku saa zao zikiwa sahihi.

Na kuna saa inayokimbilia mbele. Programu za leseni ya muda hukumbuka tarehe ya mwisho ziliyoiona, ili mtu asirudishe saa kurefusha majaribio. Kompyuta ikiwaka siku moja ikidhani ni 2035, ukaisahihisha, programu itakuona mdanganyifu. FlexNet, mfumo wa kukagua leseni unaotumiwa na programu nyingi za usanifu na uhandisi, hutoa kosa namba -88, na hufika hapo kwa kuona mafaili ya mfumo yenye tarehe za mbeleni. Kuipanga saa tena hakusaidii. Panga mafaili kwa tarehe ya mabadiliko, tafuta yanayodai yametoka kesho, uyape tarehe ya leo kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows: `(Get-Item "jina").LastWriteTime = Get-Date`. Kisha washa kompyuta upya.