Fereti hana tatizo lolote, sasa kipandikizi cha homoni cha nini?

Wenye fereti, wale wanyama wadogo warefu jamii ya kicheche, hapa Uingereza wananiuliza sana hili: daktari, mnyama wangu anakula, anacheza, manyoya yanang'aa, kwa nini nimwekee dawa ya homoni wakati haumwi? Jibu langu linaanza na jike, maana kwake hakuna kusubiri. Jike wa fereti akiingia kwenye joto la kutaka dume hatoki mpaka apandwe, na asipopata dume anaweza kukaa hivo msimu mzima, tangu majira ya machipuko hadi mwisho wa kiangazi, estrojeni, homoni ya kike, iko juu muda wote alafu inaua uboho wa mifupa unaotengeneza damu, damu inaisha, anakufa. Kwa hiyo jike ambaye hazalishwi lazima ufanye kitu, swali ni kipi tu.

Zamani jibu lilikuwa moja, kisu. Toa ovari, toa korodani, kwisha. Shida ikaja kuonekana miaka baadaye, fereti waliohasiwa wakaanza kunyonyoka manyoya kuanzia mkiani, wanajikuna, majike uke unavimba kama vile wako kwenye joto na ovari hawana, madume tezi dume inavimba mpaka mkojo haupiti. Huo ni ugonjwa wa adrenali, tezi ndogo zilizo karibu na figo.

Inakuaje? Kawaida homoni za ovari au korodani zinaiambia ubongo "inatosha, punguza", sasa ukishazitoa hakuna wa kusema inatosha, ubongo unaendelea kuagiza, homoni ya LH, ile inayoamsha ovari na korodani, inamwagika miezi na miezi, na kwa fereti tezi ya adrenali nayo inaisikia hiyo LH. Inachochewa, inakua, inaanza kutengeneza homoni za jinsia yenyewe, na mwisho wake inaweza kuwa uvimbe, wakati mwingine saratani. Mwaka 2000 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha umri wa kuhasiwa unaendana na umri wa kuugua, anayehasiwa mapema anaugua mapema. Ndo maana nawahurumia sana fereti wa Marekani, wengi wanauzwa dukani wakiwa wameshahasiwa bado wachanga kabisa.

Kipandikizi cha deslorelini kinapita njia nyingine. Ni kijiti kidogo chini ya ngozi katikati ya mabega, kama vile vijiti vya uzazi wa mpango wanavyowekewa kina mama mkononi, dawa inatoka kidogo kidogo. Wiki za mwanzo homoni zinapanda kwanza, kwa hiyo usishtuke jike akionyesha joto, na dume usimwache na majike maana bado anaweza kuzalisha. Baada ya hapo pituitari, tezi ya chini ya ubongo inayotoa LH, inachoka, LH inashuka, ovari au korodani zinalala na adrenali haipigiwi kelele. Kile cha miligramu 9.4 kinamshika dume angalau miezi 16 hivi, na hata ile harufu yake kali inapungua sana.

Kwa fereti mzima ambaye hajahasiwa, mimi nachagua kijiti kabla ya kisu, bila kusita. Aliyekwisha kuhasiwa na bado mzima hapo nakaa na mwenyewe tunaongea, kwa sababu mantiki ni nzuri, kuzima LH ni kuzima chanzo, lakini hakuna anayeweza kukuahidi kwamba hataugua kabisa. Akiwa bado kijana na pesa ipo, naunga mkono. Akiwa mzee mwenye insulinoma tayari, yaani uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari ya damu, pesa hiyo naona heri iende kwenye vipimo vya sukari na dawa zake, maana kijiti hakigusi insulinoma hata kidogo.

Gharama yenyewe ni ya kurudia, sio mara moja, hilo lihesabu kabisa. Sindano yake nene, wengi tunawalaza kwa gesi dakika chache, na sehemu ile inaweza kuvimba au kuwasha siku mbili tatu. Wengine wananenepa.

Andika tarehe aliyowekewa mahali utakapoiona. Jike uke ukianza kuvimba tena, au dume korodani zikianza kukua na harufu ikarudi, dawa imeisha, mlete awekewe kingine. Na dume akijikamua kukojoa hakitoki kitu, usisubiri asubuhi, mlete usiku huohuo.