Theluthi ya mjane si urithi

Katika Uingereza ya zama za kati, theluthi ya mjane ilikuwa fungu la ardhi ya mume, kwa kawaida moja ya tatu, ambalo mjane aliachiwa alitumie mpaka afe. Basi. Hakuweza kulirithisha, akifa, lilirudi kwa mrithi wa mume. Ndiyo maana "alirithi ardhi ya mumewe", maneno yanayoandikwa kila kukicha katika nasaba za mabibi wa Kiingereza, hupotosha. Pengine tunaponzwa na sheria tuliyoizoea: mjane wa Kiislamu hupata thumuni, au robo mume asipoacha mtoto, na fungu hilo huwa lake kabisa.

Mchukue Elizabeth de Clare (1295–1360), mjukuu wa mfalme Edward I kwa mama yake, Joan of Acre. Aliolewa na John de Burgh mwaka 1308, Theobald de Verdun 1316, kisha Roger Damory 1317. Ardhi ya Clare, yaani ya ukoo wa baba yake, iliyomfanya tajiri haikutoka kwa hata mmoja wao. Ilitoka kwa kaka yake Gilbert, aliyeuawa katika vita vya Bannockburn, Scotland, mwaka 1314 bila kuacha mtoto. Mwaka 1317 ikagawiwa dada watatu, Eleanor, Margaret na Elizabeth. Dada wa mama mwingine hawakuhesabiwa, kwa sababu baba yao alipomwoa Joan mwaka 1290 aliisalimisha ardhi kwa mfalme, akarudishiwa kwa sharti kwamba iwashukie watoto wa ndoa hiyo.

Kwa Verdun watu huteleza vibaya zaidi. Aliacha mabinti wanne waliogawana ardhi yake, na wapo wanaowaandika wote kuwa wa Elizabeth. Watatu ni wa mke wa kwanza, Maud Mortimer. Wa Elizabeth ni Isabella peke yake, aliyezaliwa 1317 baba akiwa ameshakufa. Kurithi pamoja kwa baba hakuthibitishi mama mmoja.

Hati ya kutazama ni ya uchunguzi uliofanywa mwenye ardhi alipofariki. Usiishie kwenye orodha ya mashamba. Soma kila shamba lilishikwa kwa haki gani. La theluthi liandike upande wa mume, na mrithi wake umtafute huko huko. La damu hufuata damu ya mwanamke mwenyewe: mrithi wa Elizabeth alikuwa mjukuu wake Elizabeth de Burgh, binti wa William, mwanawe kwa John de Burgh, aliyeuawa 1333, kwa kuwa mtoto wa mwana wa kiume, hata akiwa msichana, alimtangulia shangazi. Mtego ni kwamba mjukuu huyo ndiye aliyekuwa mrithi wa de Burgh pia, kwa hiyo haki mbili ziliishia mkono mmoja na hazionekani tofauti mpaka usome hati.

Basi kwenye ardhi za waume zake, futa "alirithi", uandike "alishika maisha yake yote". Kwenye ardhi ya Clare, kitenzi kiache kama kilivyo.