Majani ya Oktoba hujengwa kwa sukari ya zamani

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza, misitu ya miombo ya Chunya, mkoani Mbeya, huchipua majani mapya mekundu, na wengi huniuliza miti hiyo inapata wapi chakula cha kuyajenga ilhali udongo wa juu ni mkavu na majani ya zamani yamekwisha kupukutika. Maji huvutwa na mizizi mirefu kutoka tabaka za chini zenye unyevu. Kaboni ya majani hayo, hata hivyo, haitoki ardhini, bali katika akiba ya mti wenyewe.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, majani ya mtundu, mmoja wa miti ya miombo, hugeuza hewa ya ukaa kuwa sukari kwa nguvu za jua. Sehemu ya sukari hiyo hutumika papo hapo au baada ya siku chache kwa kupumua, kurefusha mizizi, kunenepesha shina na kulisha kuvu wanaoishi mizizini, ambao nao huusaidia mti kupata fosforasi. Inayosalia hugeuzwa wanga na kuhifadhiwa katika seli hai za shina na mizizi. Anayetaka kuuona wanga huo achukue kipande kibichi cha mzizi, akisawazishe kwa wembe, kisha akidondoshee ayodini ya duka la dawa: mistari myembamba inayotoka katikati kuelekea kwenye gome itageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Kwa kawaida rangi hukolea zaidi kabla ya miti kuchipua kuliko mara tu baada yake, kwa kuwa jani changa hula kabla ya kuzalisha.

Umri wa akiba hiyo ndio unaonistaajabisha zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza sana hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, na kiwango chake kimekuwa kikishuka tangu mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio ya hewani, hivyo sukari hubeba alama ya mwaka ilipotengenezwa. Kwa kipimo hicho, watafiti wa Marekani waligundua kwamba visiki vya miti ya mepo (maple) vilitoa machipukizi kwa kutumia kaboni iliyohifadhiwa hadi miaka 17.

Ndiyo maana nawasihi wanaokata kuni za kukaushia tumbaku wakate Julai na Agosti, kisiki kingali na wanga wa kutosha, wala wasingoje majani mapya yafunguke, kwa sababu wakati huo mti umekwisha kutumia na bado haujaanza kurudisha. Moto wa Oktoba una madhara yaleyale, na pengine makubwa zaidi: huunguza majani ambayo bado hayajalipa gharama yake, na mti hulazimika kufungua kihenge kilekile mara ya pili. Katika majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza mwaka 1933, viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti mikubwa na kutawaliwa na nyasi, ilhali vile vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa msitu. Kijiji ambacho ni lazima kichome nyasi zake kifanye hivyo Mei au Juni, zikiwa bado na ubichi.