Wekundu kwenye picha ya ubongo si kipimo cha kupona

Nimeulizwa tena na mtoto wa mgonjwa wa kiharusi aliyedhoofika mkono: "Daktari, mbona ubongo wa mama umekuwa mwekundu pande zote mbili? Si ndiyo anapona?"

Jamani, hapana. MRI ya utendaji, yaani picha ya sumaku inayoonyesha ubongo ukiwa kazini, haipimi nguvu za mkono. Tangu kazi ya mwanasayansi Seiji Ogawa mwaka 1990, tunachosoma ni oksijeni iliyo kwenye damu: seli zikichacharika, damu huongezeka pale, na ishara hufika kileleni sekunde kama 5 baadaye. Rangi hupakwa na kompyuta pale tofauti kati ya kukunja ngumi na kupumzika inapovuka kizingiti cha takwimu. Kishushe kizingiti, wekundu utatapakaa kila mahali.

Linaloniudhi hasa ni imani kwamba wekundu ukizidi, nafuu imezidi. Mtafiti Nick Ward na wenzake wa London waliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona: kadiri mgonjwa alivyopata nafuu, ndivyo wekundu ulivyopungua katika maeneo mengi. Mwambie mwenye mkono dhaifu abane kifaa kwa nguvu ileile ya mtu asiyeugua. Atakaza bega, atabana pumzi, na mkono wa pili utajikunja bila kuambiwa. Hapo umepiga picha ya jitihada. Ndiyo maana napima kwanza nguvu yake ya mwisho ya kubana, kisha namwomba sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, huku nikirekodi misuli ya mkono wa pili. Picha isiyo na vipimo hivyo siitolei maelezo.

Tena, ukimkunja kifundo cha mkono wewe mwenyewe, yeye akiwa ametulia tuli, maeneo ya mwendo nayo hupata rangi, kwa kuwa hisia za viungo na misuli hufika huko pia.

Je, nusu ya ubongo isiyoumia inasaidia kupona au inazuia? Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba inazuia, na zikabuniwa tiba za kuituliza. Sina tena imani hiyo. Kwa aliyeumia sana, huenda ndiyo tegemeo lake. Isitoshe, mishipa ya damu iliyoathirika huchelewesha ishara, hivyo seli zinaweza kufanya kazi na picha isionyeshe kitu.

Siku za mwanzo baada ya kiharusi, mkono ukiwa haujajongea, napendelea kuchochea ubongo kwa sumaku kupitia fuvu. Msuli wa mkono ukiitika hata kidogo, njia ya kutoka ubongoni ingali hai, na familia naiambia siku hiyohiyo.