Kukwepa kinga: fangasi anavyojificha mwilini

Mvua zikishika Tabora, kina mama hupanga mabeseni ya uyoga wa porini kando ya barabara. Uyoga hata ukiuchemsha muda mrefu haupondeki kama mboga, kwa kuwa ukuta wa kila seli yake umejengwa kwa kitini, ile ile iliyo kwenye ganda la mende, pamoja na sukari ngumu iitwayo beta-glukani. Fangasi wanaotuuguza ni ndugu zake, na ukuta wao ni wa namna hiyo hiyo. Mwili wa binadamu hautengenezi vitu hivyo, kwa hiyo seli za kinga zikigusa beta-glukani zinajua mara moja kwamba kaingia mgeni.

Kukwepa kinga ni mbinu yoyote ya kimelea kuponyoka asitambuliwe, asimezwe au asiuawe. Kwa fangasi, naona mbinu mama ni kuufunika ukuta. Fangasi aitwaye kandida huufunika kwa sukari nyingine, na akimezwa hurefuka kama mzizi akaitoboa seli iliyommeza. Mbegu za fangasi aspergilasi, tunazozivuta puani kila siku, zimevikwa protini isiyoshika maji.

Lakini kwa kujifunika hakuna kama kriptokokasi, fangasi anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Changanya tone la maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa na wino mweusi, utazame kwa hadubini: kote giza, halafu vinatokea viduara vyenye pete nyeupe. Pete hiyo ni koti la sukari ambalo wino haupenyi. Seli walaji, yaani seli za kinga zinazomeza wavamizi, nazo hushindwa kulishika. Zikifanikiwa kummeza, anaweza kuzaliana humo humo ndani, kisha akatoka, pengine bila hata kuiua seli. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye seli zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 100 kwa kila milimita ya ujazo ya damu, safari hiyo huweza kuishia kwenye utando wa ubongo. Inaniuma, maana wengi hukaa na kichwa kinachogonga kwa wiki nzima wakimeza dawa za maumivu tu.

Na koti hilo hilo ndilo linalomuumbua. Vipande vyake humwagika kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na kijikaratasi cha kipimo kikichovywa kwenye tone la damu iliyochanganywa na kimiminika cha kipimo hicho, mistari miwili, ishara kwamba yumo, hutokea ndani ya dakika 10.